Salamu Aliyoikataa Dunia

Wazazi, walezi, wageni waalikwa, na ninyi wa kidato cha kwanza mnaosukumana huko nyuma: natangaza rasmi kwamba usiku wa kuamkia leo niliota jambo zito kuhusu mustakabali wa teknolojia nchini. Nililiota nikiwa nimelala kifudifudi, fulana nimeivaa kinyume.

Mwezi uliopita nilisimama mstarini nikaahidi kwamba klabu yetu ya kompyuta itatengeneza programu ya simu. Programu hiyo ingemjulisha mwanafunzi, popote alipo, leo jikoni kumepikwa nini. Jikoni kumepikwa maharage. Jikoni kumepikwa maharage tangu shule ianzishwe. Hata hivyo nilipigiwa makofi.

Mkuu wa shule akasema vizuri sana: siku ya wazazi programu ifunguke mbele yao. Isipofunguka, chumba cha kompyuta kitakuwa stoo ya maharage. Mlezi wetu, Mwalimu Msemwa, aliyezunguka ofisi za wilaya akiomba kompyuta chakavu mpaka wakampa ili aondoke, alinishika bega. "Haule," akasema, "nimekuamini."

Siku ya wazazi ni leo. Kuhusu kutengeneza programu, nilichojua ni kuwasha simu.

Basi, katika ndoto niko bwaloni, kwenye foleni, sahani mkononi. Anayegawa si mpishi. Ni kompyuta iliyovaa aproni.

"Nataka kuanza kutengeneza programu," namwambia.

"Vifaa umeshapakua?"

"Bado."

"Kaa pembeni makuli wapakue. Anayefuata!"

Lori linaingia bwaloni. Makuli wanashusha asilimia, kila mmoja na yake kichwani. Kazi inakwenda vizuri mpaka inabaki moja. Kuli wa mwisho anaiweka chini, anaikalia, anatoa kipande cha muwa.

"Kaka, mbona umekaa?"

"Hapa ndipo huwa tunakaa."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Wengine huzima wakawasha."

Nikamzima, nikamwasha. Akainuka bila kinyongo, akaibwaga asilimia yake, akaenda zake.

Hapo bwalo likawa chumba cha kompyuta, na hakuna aliyeshangaa. Simu ya klabu imesimama ukutani, ndefu kama kabati. Ndani yake kuna kitufe cha kijani kilichoandikwa LEO KUNA NINI. Nakibonyeza.

"Unanifinya," kinasema.

"Onyesha chakula."

"Lini uliniambia nionyeshe chakula?"

"Si nimekuandika hapo juu?"

"Umeniandika jina. Mtoto ukimwita Daktari, ndiyo atakudunga sindano?"

Nikakibonyeza tena.

"Mimi ni picha, bwana mdogo," kikaendelea. "Umenichora, tena kivuli umekiweka upande wa taa. Mwalimu akiuliza, unanionyesha kwa mbali unasema mtandao unasumbua. Yule mzee anafurahi mpaka anafuta miwani. Mimi ni picha tu, na ninaona haya."

Nikakiomba kinifundishe. Kikasema sharti ni moja: nikieleze kila kitu, nisiruke hata punje.

"Nenda jikoni," nikasema, "uangalie ndani ya sufuria. Kama kuna maharage, rudi uniambie."

Kikaenda, kikarudi. "Sijaona ndani. Sufuria lina kifuniko."

"Kifunue!"

"Sasa ndiyo umesema."

Kikaenda. Nikangoja. Kuta zikazeeka kidogo. Nikapaza sauti: "Wewe! Mbona hurudi?"

"Umesema nirudi kama kuna maharage," kikajibu kutoka jikoni. "Leo kuna kabichi."

Kabichi ni habari kubwa shuleni kwetu, na programu yangu imekaa nayo jikoni kwa sababu sikuiambia ifanye nini maharage yakikosekana. Ilinibidi niende mwenyewe kuishika mkono.

"Tena hujamsalimia Dunia," kikaniambia njiani. "Kila anayeanza kazi hii huanza kwa kumsalimia Dunia. Asipoitikia, hakifunguki kitu."

Hilo niliona jepesi. Nikaandika: Habari, Dunia.

Mlangoni akaingia bibi wa mviringo, mzito, maji yakimchuruzika ubavuni. Akakaa. Sakafu ikamwachia nafasi.

"Nani kasema habari?"

"Mimi."

"Wewe ni nani?"

"Haule, kidato cha tatu."

"Milima nimezaa mimi. Mito nimelea mimi. Leo kitoto cha kidato cha tatu kinaniambia 'habari', kana kwamba tulicheza gololi pamoja?"

"Vitabuni wameandika hivyo, bibi."

"Walioandika hawakulelewa na mama yako."

Kwa kweli hawakulelewa naye. Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa. "Shikamoo, Bibi Dunia."

Kila kitu kikatulia. Hata kuli nje aliacha kutafuna muwa.

"Marahaba, mjukuu wangu." Akaniwekea kiganja kichwani, kizito, kibichi. "Hilo ndilo neno lako la kwanza la kweli mwezi huu."

Simu ikafunguka. Ndani kulikuwa na ukurasa mweupe na neno moja: Marahaba.

"Ndiyo hiyo tu?" nikauliza.

"Ndiyo mwanzo," kikasema kitufe. "Programu ya kabichi itachukua miezi."

Nikafumbua macho. Mwalimu Msemwa amesimama kando ya kitanda changu, amevaa suti, mkononi ana simu ya klabu. Haitazami simu. Anatazama kichwa changu.

"Haule, ulitoka nje usiku?"

"Hapana, mwalimu."

Akapitisha kidole kwenye nywele zangu, akanionyesha. Udongo mwekundu, mbichi. Shule yetu yote ni mchanga mweupe, na mvua tumeisahau.

"Huu umetoka wapi?"

Uongo ninao mwingi, tena uliopangwa vizuri. Nilipoutafuta sikuuona.

"Kwa Bibi Dunia, mwalimu. Aliitikia shikamoo yangu."

Kisha akanisogezea simu. "Wazazi wanaingia getini. Nimekibonyeza hiki kitufe tangu alfajiri, kimya. Nikikivuta pembeni, anakuja mbuzi."

"Ni mbuzi wa mjomba, mwalimu. Simu ilikuwa yake kabla hajaipa klabu. Hiyo ni picha inayofuata."

"Picha inayofuata," akarudia taratibu. Akavua miwani. Safari hii hakuifuta.

"Hakuna programu, mwalimu. Kuna kitufe nilichokichora, na mbuzi. Nitasimama mwenyewe mstarini niwaambie wazazi. Na magunia ya maharage yakiingia kile chumba, wasikuulize wewe. Nitakuwa nimeyaingiza mimi."