Baruti kwa Kukadiria

Mume wangu Hafidh ana jicho. Asiyejua na ajue, maana yeye humwambia kila mtu, hata fundi wa boila. Marehemu mama yake alipika pilau za harusi Unguja bila kikombe wala mizani, na haikuharibika hata moja. Basi mwanawe akaona kipaji amekirithi, akakihamishia kwenye baruti.

Ni mwanachama wa klabu ya shabaha, ana kibali cha polisi, na risasi zake huzijaza baruti mwenyewe katika banda letu la bustani huku ughaibuni, Thornton Heath. Watengenezaji wa baruti wametoa kitabu cha vipimo: anzia chini, usizidishe, pima kila moja. Kitabu hicho Hafidh amekifanya kisahani cha kikombe chake cha chai. Mizani bado ina nailoni yake. Yeye huchota kwa kijiko, simu sikioni, akibishana mpira na binamu zake.

"Baba Miska, soma kitabu," nilimwambia.

"Hicho wameandikiwa wasiojua kukadiria, Mardhiya. Mimi jicho nimezaliwa nalo."

Kuzaliwa nalo. Pilau ikizidi chumvi, utakunywa maji. Baruti ikizidi, bunduki humpasukia usoni aliyeishika. Na mimi sikuwa nikihofia uso wa mzee yule mwenye kiburi. Nilihofia wa Miska, binti yetu, ambaye Jumapili ile angepiga shabaha kwa risasi za baba yake kwa mara ya kwanza. Mtoto naye ana kibali chake, sikuwa na la kumzuilia, nikafuatana nao.

Uwanjani Hafidh alimkabidhi kisanduku chake cha risasi kwa madaha, kama anatoa mahari. Miska hakukifungua. Alitoa kingine mfukoni, akamwekea baba yake mezani.

"I filled these yesterday, ulipokuwa msikitini. Anza wewe, Dad."

Hafidh akaishika risasi moja, akaigeuzageuza.

"Umepima?"

"By eye. Like you."

"Jicho lako wewe?" Sauti ilimpanda. "Baruti hii, mwanangu. Inaua."

Miska akaweka mkono juu ya kile kisanduku alichopewa. Hafidh naye akakitazama. Nilimwona rangi ikimtoka. Akavichukua visanduku vyote viwili, akampelekea Godson, msimamizi wa uwanja, akamwomba aziharibu risasi zote.

Njiani kurudi akaanza kunieleza kwamba kitabu kile kina maana yake. Nilimwacha aseme peke yake. Uso wake yeye ulipokaribia bunduki, alikumbuka mizani papo hapo. Uso wa mwanangu ulikuwa wa kukadiria.