Gari la Khaemba Linazimika

Tangu tumzike mume wangu Khaemba, gari lake kuukuu, Corolla ya kabureta, lilianza kunisumbua. Mwendoni halikuwa na shida. Nikiondoa tu mguu kwenye mafuta, linatetemeka na kufa. Lilinizimikia relini Namuwongo na mzigo wa duka ndani, watu wa boda wakinipigia kelele: "Mama, shuka usukume, au unangoja treni ikusukume?"

Masinde, mdogo wake marehemu, alikuwa na jibu tayari.

"Shemeji, ndugu yangu anakukataza. Gari la mwanamume halikai kwa mjane. Wazee wameniambia nilipeleke nyumbani Bungoma Jumamosi."

Nilikasirika mpaka midomo ikanikauka. Gari hilo ndilo linanitolea mzigo soko la Kikuubo. Likienda, duka limefungwa, na binti yangu Moreen anaacha shule. Tena mimi ni mtu wa sala. Najua wafu wako mikononi mwa Mungu, hawakai kwenye injini.

Jumamosi asubuhi nikalipeleka kwa Kasereka, fundi Mkongomani. Masinde akanifuata na begi lake, amevaa kabisa nguo za safari.

Kasereka akafungua boneti, akainamisha sikio. "Mama Moreen, vuta choki kidogo."

Nikavuta. Injini ikatulia. Nikairudisha choki, injini ikafa.

"Mnaona?" Masinde akasema. "Linakataa."

"Linakataa njaa, papaa," Kasereka akamjibu. "Choki inapunguza hewa. Kama hapo linatulia, basi ama hewa inapenya mahali, ama mafuta hayafiki."

Akaniambia niwashe tena, choki ikiwa imevutwa, akamwagia maji ya sabuni kwenye mipira ya hewa na maungio chini ya kabureta. Hakuna mahali palipoyanyonya. Hewa haikuwa na kosa. Basi akazima, akaifungua kabureta na kumimina mafuta yaliyokuwa ndani yake kwenye gilasi ya chai. Petroli ikakaa juu. Chini kukabaki kitu kingine, kimejitenga, hakichanganyiki.

"Maji," Kasereka akasema. "Yameziba kile kitundu kidogo kinacholisha injini usipokanyaga mafuta. Mama, kuna mtu ametia maji kwenye tangi."

"Labda mvua," Masinde akadakia.

Mvua! Kifuniko cha tangi lile kinafungwa kwa ufunguo. Mmoja ninao mimi. Wa pili aliuchukua Masinde siku ya mazishi, eti anautunza.

Nilimtazama tu. Mtu mwenye uongo ukimnyamazia, atajaza kimya mwenyewe.

"Yalikuwa maji ya baraka," akasema mwishowe. "Nilichota kanisani Lubaga. Kitu cha marehemu hakiendeshwi hivi hivi, shemeji. Lazima kisafishwe kwanza."

"Kisafishwe ili nani aendeshe?"

Akatazama begi lake.

"Nijibu! Ulilitia maji ukilitaka wewe, kabla halijazimika hata siku moja. Likazimika kwa mkono wako, ukamsingizia ndugu yako aliye kaburini! Maji ya baraka hunyunyizwa, Masinde. Tangi halibatizwi! Hata mtoto wa katekisimu anajua hilo!"

Kasereka akaangua kicheko. Nikamgeuzia jicho, akarudi haraka kwenye kabureta yake.

Alimwaga mafuta yote ya tangi, akapuliza vitundu, akafunga, akatia petroli safi. Nikawasha. Nikarudisha choki, nikaondoa mguu. Injini ikanguruma polepole, ikaendelea, ikaendelea tu. Hata hivyo, hasira yangu ilikuwa palepale.

"Ufunguo," nikamwambia Masinde. Akautoa mfukoni. "Sasa wapigie wazee. Weka sauti ya nje, nisikie."

"Nitawaeleza nikifika, shemeji. Haya ni mambo ya wanaume."

"Ulipokuwa unamwaga maji, hayakuwa ya wanaume? Piga."

Alipokea baba yao mkubwa, kwa furaha. "Masinde! Mmefika wapi? Tumeshafagia mahali pa kuliweka."

Masinde akaisogeza simu mdomoni. "Baba, gari… lilikuwa na maji. Niliyatia mimi. Marehemu hakumkataza mtu."

Mzee akauliza, "Sawa. Kwa hiyo linafika saa ngapi?"

Niliinama kwenye simu. Nilitaka anisikie vizuri.

"Halifiki, baba," nikasema. "Linaenda Kikuubo kupakia sukari."