Chupa za Koki

Mume wangu ni fundi bomba, na mtaani hakuna anayemwita jina lake. Wote wanamwita Koki. Ni pande la mtu, viganja kama makafi, na tangu tuoane hajawahi kukaa nyumbani siku mbili mfululizo. Kwa hiyo alipoteleza kwenye ngazi akifunga tangi la maji juu ya paa la watu, akavunjika mguu, na daktari akamfunga plasta na kumwambia, "Wiki saba, tulia," nilijua mgonjwa halisi nitakuwa mimi.

Wiki ya kwanza alinisimamia kama nyapara.

"Mke wangu, maji ya kusuuza sahani moja si yanatosha sahani tatu?"

"Hiyo sufuria mbona mpini umeuelekeza huko?"

Siku ya nane uvumilivu ukaniishia. Nikavuta boksi lililo chini ya sinki, ninamoweka chupa tupu za jamu, asali na siagi ya karanga, maana mimi chupa nzuri siwezi kuitupa, nikalitua mbele ya kochi.

"Haya bwana. Zibandue hizi karatasi."

"Halafu zikibanduka?"

"Zimebanduka."

Nilitaka tu anyamaze. Lakini Koki ukishampa kazi, umempa. Alizilowesha kwenye beseni la maji ya moto, akabandua karatasi, na gundi iliyobaki akaisugua kwa mafuta ya kupikia na magadi mpaka ikakubali. Jioni niliporudi kutoka karakana ninakoshona mapazia, nilikuta chupa kumi na mbili zimepangwa dirishani, jua linapita ndani yake kama hakuna kitu. Naye amezikodolea macho.

"Hivi mtu anatupaje kitu kama hiki?" akauliza. Nikamwambia hata mimi nashangaa.

Ya kwanza aliipaka rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka mlango. Ikachuruzika, ikawa kama imetoka kupigana. Ya pili aliizungushia kamba ya katani kwa gundi, akajigandisha vidole viwili, nikaja kumnasua kwa maji ya moto huku nikicheka. Nikaanza kumletea mabaki kutoka kazini: vipande vya lesi, riboni, vifungo visivyo na wenzao. Kufikia wiki ya tatu mkono ulishatulia. Alipaka rangi kidogo, akasubiri ikauke, akapaka tena. Mtu ambaye chai ikichelewa dakika tano anakohoa!

Jumapili moja wenzake wawili wa kazini wakaja kumjulia hali. Aliposikia sauti zao mlangoni akatupia shuka juu ya meza, akakaa kama chifu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipovuta shuka bila kukusudia. Chupa moja ilikuwa bado na gundi mbichi; ikang'ang'ania shuka, ikaning'inia pale kama kengele.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Koki! Siku hizi unadarizi?"

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi, na nilikuwa tayari kuutumia. Lakini Koki hakuinua hata sauti. Aliibandua ile chupa, akampa yule aliyecheka zaidi.

"Ukimaliza kucheka, nionyeshe hiyo lesi inaungia wapi."

Jamaa akaigeuza. Akaisogeza kwenye mwanga. Akampa mwenzake, naye akaigeuza.

"Aisee," akasema, polepole. "Haionekani." Kisha akaongeza, "Ila mezani watoto watazivunja, Koki. Hizi ni za ukutani."

Kesho yake Koki akaomba sanduku lake la vifaa. Akachukua zile pete za chuma za kubania mpira wa maji kwenye bomba, akazifunga kwa skrubu kwenye ubao, akaingiza chupa na kuikaza kwa bisibisi. Ikasimama wima. Ukitaka kuiosha, unalegeza, unaitoa. Chupa kumi na mbili, mbao mbili ukutani, nyingine zina maua, nyingine mishumaa. Sebule yetu, ambayo nilishaichoka, nikawa naipitia hata nisipokuwa na shida nayo.

Ndipo mama yangu akaja kumtazama mgonjwa. Mama hana ubaya, ila alitaka mkwe wa tai na kalamu mfukoni, na miaka kumi na tisa yote Koki kwake alikuwa "huyo mumeo." Alikaa, akapokea chai, macho yakaenda ukutani.

"Mmenunua wapi hizi?"

"Hatujanunua, mama. Katengeneza mkweo."

Akamtazama Koki. Koki akatazama plasta yake. Mama akainuka, akashika chupa moja, akaivuta.

"Haianguki?"

"Haianguki, mama. Ndani ya chuma nimeweka mpira, kioo kisipate ufa."

"Mh," akasema mama. Akamaliza chai, akaaga.

"Hajapenda," Koki akaniambia. Nazijua "mh" zote za mama yangu, na hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia.

Baada ya wiki mbili akarudi na mfuko mzito. Ndani mlikuwa na chupa tisa, zimeoshwa, kila moja imeviringishwa gazeti. Akaziweka miguuni kwa Koki.

"Baba," akamwambia, "ukuta wangu wa sebuleni uko mtupu."

Koki aligeuka nyuma kuona baba gani ameingia.

Plasta ilipotolewa, kazi yake ya kwanza haikuwa bomba la mtu. Ilikuwa ukuta ule. Akapanda stuli, akaweka pima maji juu ya ubao kuona kama umelala sawa, akasogeza unywele huku, unywele kule. Mama alikuwa ameita majirani wawili, anawaeleza kana kwamba yeye ndiye aliyebuni: "Ndani pana mpira, msidhani ni chuma kitupu." Koki, skrubu zimejaa mdomoni, masikio yalikuwa yanamcheza kwa raha.

"Na huyu fundi anapatikana wapi?" jirani mmoja akauliza.

Nikafungua mdomo nijibu. Mama akaniwahi.

"Huyu ni mwanangu. Mkimtaka, pitieni kwangu."

Skrubu moja ikamponyoka Koki mdomoni, ikabingiria chini ya kochi. Nikainama kuitafuta, na sikuwa na haraka ya kuinuka.