Kibanda Juu ya Msafu

Kwa mihula miwili Papa Édouard, mwangalizi wa bweni, alikitafuta kibanda hicho kwa bidii ya mtu anayetafuta wokovu. Wanafunzi walikuwa wamekifunga juu ya msafu, mti wa matunda ya safu, nyuma ya jiko, kwa kamba za msituni, bila msumari hata mmoja, kama wavuvi Wagenia wanavyofunga miti yao ya kutegea samaki juu ya maporomoko ya mto. Huko walivuta sigara, walikula samaki wa kukausha na kusinzia wakati wa misa. Kwa ufupi, palikuwa mahali pa elimu.

Alikipata mwaka wa 1964, mchana ule Wasimba, waasi waliowachukia wasomi, walipoingia shuleni wakiwasaka makarani na kila mtu mwenye kalamu mfukoni. Papa Édouard alikuwa na tatu.

"Panda, Papa!" Anselme, mtoto wa mvuvi na mkosaji wake namba moja, alimsukuma kwa bega. "Muguu hapa. Bon, mwingine."

"Itakatika!"

"Papa yangu anasimama juu ya kamba kama hizi, na mto mzima chini yake. Wewe iko muzito kupita mto?"

Papa Édouard alilala kifudifudi kati ya majani. Punde wapiganaji wawili wakaja kupumzika kivulini, pale Anselme alipobaki amesimama.

"Mwangalizi wenu iko wapi?" mmoja alimwuliza Anselme.

Juu, Papa Édouard alijaribu kusali. Mwili wake, bila kumwomba ruhusa, ukachagua njia nyingine. Tone moja lilipenya kati ya fito, likafuatwa na ndugu zake wote.

"Nini hii?" Mpiganaji alijigusa shingo.

Anselme alivua kofia kwa heshima kubwa. "Pole, mukubwa. Iko mukojo ya popo. Wanapenda safu sana."

Mpiganaji akakauka. Mganga wao alikuwa amewaonya: uchafu wa mnyama ukigusa ngozi, dawa ya kuzuia risasi imekufa.

"Twende kwa munganga, mbio!" alilia. Wakatoka nduki kuelekea mjini.

Papa Édouard akashuka, suruali ikiwa bado imelowa.

"Ulijua si popo," alisema.

"Nilijua, Papa."

"Na utawaambia wenzako?"

"Leo, mbele ya kula chakula, Papa."

Saa moja iliyopita Papa Édouard alijihesabu maiti. Sasa alikuwa hai wa kutosha kuchekwa. Akamshika Anselme mikono yote miwili, machozi yakimtoka.

"Merci, mwanangu. Waambie wote. Hata wa darasa la kwanza."