Mtoto wa Tano wa Roodt

Keneuwe alikuwa amepiga magoti mbele ya tingatinga, juu ya nyasi zilizoganda kwa baridi ya Juni.

"Mama, ondoka," alisema Lategan, mkandarasi. "Hapa yanajengwa maduka."

"Binti yangu amelala hapa, bosi. Moipone. Alichukuliwa na surua, akiwa na miaka sita."

"Cheti cha kifo kiko wapi?"

Hata cha kuzaliwa Moipone hakuwahi kuwa nacho. Alizaliwa kwenye vibanda vya wafanyakazi wa shamba la Roodt, na alipokufa, mwenye shamba alikataza jiwe lisiwekwe: lingevunja jembe la trekta.

"Hakuna karatasi, hakuna kaburi," Lategan alisema. Vijana wawili wakamshika Keneuwe makwapani, wakamwinua, wakamketisha pembeni.

Hatua ishirini kutoka hapo, ndani ya ukuta wa mawe, wataalamu walikuwa wakifukua kwa brashi watoto watano wa akina Roodt, walowezi wa kwanza, waliomalizwa na dondakoo karne na nusu iliyopita. Wangehamishiwa mjini. Masanduku matano meupe yalisubiri juu ya zulia, na tingatinga lisingewashwa mpaka yote yajae.

Kufika saa saba, manne yalikuwa yamejaa. Mtoto wa tano, Hester, hakuonekana. Walichimba huku, wakachimba kule, wapi!

Lategan akamjia Keneuwe. "Wewe ni wa hapahapa. Kuna mtoto wa Kizungu aliyezikwa nje ya ukuta?"

Keneuwe alitazama lile sanduku tupu.

"Yupo, bosi. Pale mliponitoa."

"Si umesema ni mwanao?"

"Nilidanganya. Nilitaka fidia."

"Nilijua tu!" Lategan alicheka. "Nyinyi watu, nyinyi!"

Walifukua. Ilitoka mifupa myembamba, na bangili nyekundu. Mtaalamu mmoja, msichana kijana, aliigeuzageuza kiganjani, kisha akamtazama Keneuwe usoni.

"Hii ni plastiki," alisema polepole. "Zamani hizo haikuwepo."

"Takataka za shambani," Lategan alijibu. "Andika Hester."

Msichana aliinamisha kichwa, akaandika. Bangili aliitupa kwenye ndoo ya kifusi. Saa ileile tingatinga likanguruma, likapita juu ya Hester, popote alipokuwa.

Jumapili akina Roodt waliimba zaburi makaburini mjini, mchungaji akawaombea wote watano kwa majina. Keneuwe alisikiliza akiwa nje ya uzio. Magari yalipoondoka aliingia, akaweka kiganja kwenye udongo mbichi, chini ya jiwe lenye jina la Hester.

"Moipone," alinong'ona. "Mwanangu, itika tu hilo jina lao."

Mlinzi, Msotho mwenzake, alimkuta hapo.

"Mme, mama yangu, unamlilia nani? Hawa si wetu."

Keneuwe aliondoa kiganja. "Nilikuwa nafanya kazi kwao."

"Ahaa. Basi fanya kazi. Jiwe hilo limeshaingia vumbi."

Keneuwe akavua kitambaa chake cha kichwani, akaanza kulifuta jina la Hester, herufi moja moja, mpaka likang'aa.