Fimbo ya Shaba Mahali pa Udhu

Alhamisi asubuhi yule mbuzi mweupe alikataa kunywa maji, na Osob, aliyekulia nyuma ya mbuzi huko Eldas kabla ya kuolewa Garissa, hakulipuuza jambo hilo.

Mbuzi alikuja mpaka ukingoni mwa kidimbwi kilichoachwa na maji ya udhu, akainamisha kichwa, kisha akaruka nyuma kwa miguu yote minne. Akajaribu tena, akaruka tena. Halafu akasimama mbali akilia na kiu yake ile ile. Mbuzi wa Garissa akikataa maji mwezi wa Februari, kuna neno.

Osob akavua ndala, akaweka unyayo mmoja kwenye tope. Kitu kikamtekenya kutoka kisiginoni hadi gotini, hafifu tu, lakini si cha kawaida. Akaurudisha mguu upesi. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye fimbo ya shaba iliyochomoza shibiri moja kutoka kwenye tope hilo hilo, na waya wa kijani ulioshuka ukutani kuja kufungwa kwenye kichwa chake. Hiyo ilikuwa kazi ya Korane. Aliogopa, na ndani ya hofu aliona hasira, maana kazi hiyo hakuitaka tangu mwanzo.

Osob aliuza maziwa ya ngamia. Madebe yalikuja kwa gari kutoka upande wa Hulugho, na yasiyouzwa sokoni yaliingia kwenye friza kubwa jikoni. Nyaya za nyumba zilipochakaa mpaka swichi zikaanza kunuka moshi, alitaka kumwita Komora, Mpokomo wa Madogo ng'ambo ya daraja, fundi wa stima mwenye leseni na maswali mengi. Mama mkwe wake, Barwaqo, hakutaka kusikia.

"Mtoto wa dada yangu ni fundi, halafu tumwite mtu wa mbali atuingie jikoni? Watu watasema nini?"

Hilo la watu watasema nini limezika wengi, lakini nani atabishana na mama mkwe wa miaka sabini na minane? Hirsi, mume wa Osob, alikuwa malishoni na ngamia. Alipopigiwa simu alisema neno moja tu, "Mridhishe hooyo." Basi mama akaridhishwa, na Korane, huyo mtoto wa dada, akaitwa.

Tusimwonee Korane. Alikuwa mtu mzima, mchapakazi, na kazi alijifunzia kwenye jenereta za wafanyabiashara wa Hagadera. Huko alifundishwa jambo moja la kweli, kwamba fimbo ya ardhi, inayopeleka chini stima iliyovuja, haina faida kwenye mchanga mkavu, lazima iguse unyevu. Hapa alizunguka ua mzima akitafuta ardhi isiyokauka, na katika ua ule ilikuwa moja tu: pale watu wanapotawadha mara tano kwa siku. Akaipigilia fimbo hapo, hatua moja kutoka kwenye mfereji, lile bomba la chuma la kutawadhia. "Hapa hapakauki mpaka Kiyama, habaryar," alimwambia mama yake mdogo, na Barwaqo akamwombea dua ndefu. Osob aliuliza kama kazi haipimwi. Korane akacheka, akasema taa zinawaka, apime nini tena?

Sasa Barwaqo alitoka na mkongojo wake kuona mbuzi analilia nini. Aliposimuliwa, alisema ni majini, penye maji hawakosekani, na kesho baada ya swala ataitwa sheikh aje apasomee. Kabla Osob hajamzuia, alikuwa ameshatia mguu kwenye tope.

"Mbona mimi sisikii kitu?"

Hapo ndipo Osob alipoogopa hasa. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umezila hisia za nyayo za bibi huyu. Mwezi uliopita alikanyaga kaa la moto na kilichomjulisha kilikuwa harufu. Mtu aliyesimama pale mara nyingi kuliko wote ndiye asiyeweza kuonywa na miguu yake mwenyewe.

Alimtoa hapo kwa upole, akaenda nyuma ya jiko na kumpigia Komora. Kwao walisema Kisomali. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Fundi, hii mahali ya kutawadha inabiga mguu. Ile chuma ya waya ya kijani iko habo habo."

Komora akajibu upesi. "Mama Nasteho, zima swichi kubwa sasa hivi. Kuna stima inavuja, inaingia kwenye hilo tope."

"Na maziwa yangu?"

"Usifungue friza, itashika baridi mpaka kesho. Mimi niko Masalani, nitafika kesho kabla ya swala ya Ijumaa. Mtu asikanyage hapo, wala asishike mfereji. Na unisikilize vizuri. Mtu akinaswa, usimguse, hata akiwa nani. Kimbilia swichi. Ukimshika, mtakuwa wawili."

Osob akaingia jikoni, akashusha swichi kubwa nyuma ya mlango. Friza ikanyamaza. Mpaka hapo alifanya kila kitu sawasawa.

Kosa lake lilikuja aliporudi barazani na Barwaqo akamuuliza kulikoni. Angesema, "Hooyo, kazi ya Korane ina hatari, nimemwita Komora." Maneno hayo yalimfika mdomoni. Aliiona sura ya mzee itakavyobadilika, akamwona Qali, wifi yake wa ua wa pili, akilibeba jambo hilo mpaka kwa ukoo mzima kwamba Osob amemdhalilisha mtoto wa watu. Akayameza.

"Stima zimepotea," alisema. "Na pale kwenye mfereji nataka kupasafisha, hooyo. Tawadha hapa barazani, nitakuletea maji kwa birika."

Alipaziba mahali pale kwa beseni na kiti cha plastiki. Mficha maradhi kilio humuumbua, na Osob aliijua methali hiyo tangu shuleni, lakini kuijua methali hakumzuii mtu kufanya upuuzi wake.

Ijumaa saa tano na nusu Komora alipiga simu kwamba yuko barabarani, haijui nyumba. Nasteho, binti yake Osob, alikuwa chuoni, kwa hiyo Osob alitoka mwenyewe. Ukweli ni kwamba hata Nasteho angekuwepo angetoka mwenyewe. Alitaka kumpitisha fundi mlango wa nyuma, Barwaqo asilione sanduku la vifaa.

Nyuma yake, Barwaqo alikuwa barazani akimsikiliza msomaji wa Kurani kwenye televisheni ya Qali, ng'ambo ya uzio. Akajiambia, kumbe stima zimerudi! Mbona friza yetu iko kimya? Atakuwa Osob amesahau, maskini, na maziwa yote yale ya riziki yake. Huyu bibi kwa domo alikuwa mkali, lakini alimpenda mke wa mwanawe. Akajikongoja mpaka jikoni, akapapasa ukuta nyuma ya mlango, akaiinua swichi. Friza ikaanza kunguruma, akafurahi. Kisha akasikia maji yakidondoka nje. Maji ya mfereji yalikuja Jumanne na Ijumaa tu, siku nyingine walitawadha pale kwa maji ya akiba, na swala ilikuwa karibu. Akasogeza kiti cha plastiki kwa mkongojo.

Osob na Komora walikuwa wameshafika mlango wa nyuma. Komora ndiye aliyesimama kwanza.

"Mama Nasteho, ulizima?"

"Nilizima."

"Mbona friza inalia?"

Osob alikimbia, ndala moja ikabaki mchangani, akaizunguka kona ya nyumba na kumwona.

Barwaqo alikuwa wima, ameinama kidogo, kiganja cha kulia kimeufumbata mfereji wa chuma na maji yanamwagika kwa nguvu miguuni pake. Mwili wote ulitetemeka. Kinywa kilikuwa wazi lakini hakikutoa sauti. Macho yalikuwa yanaona. Yalimwona Osob, na mkono wa kushoto ukainuka kwa shida, vidole vimetanuka, ukimwomba.

Hatua nne. Osob angeweza kuushika kwa hatua nne. Miguu yake ilikwisha kugeukia kule, na kila alichofundishwa tangu utotoni kuhusu mzee aliyenyoosha mkono kilimsukuma kule. Usimguse, hata akiwa nani. Akayatoa macho yake kwenye macho ya yule mama, akampita.

Nyuma yake alimsikia Qali akipiga ukemi, amepenya kwenye uzio, anakuja mbio kumkamata mama yake. Akamsikia Komora akifoka, "Usimshike! Usimshike!" Baadaye aliambiwa kwamba Komora alimkumbatia Qali kwa mikono miwili na kumrudisha nyuma, mwanamume ambaye si ndugu wala jamaa, mchana kweupe, na Qali alimng'ata begani.

Mlango wa jikoni. Debe la maziwa katikati ya njia. Akalipiga teke, likamwagika, akateleza, akainuka kwa magoti. Mlango uliificha swichi, akauvuta, ukagoma kwenye debe, akauvuta tena huku akisema Ya Allah, Ya Allah. Mkono ukaipata. Akaishusha kwa nguvu zote.

Friza ikanyamaza. Nje akasikia kitu kikianguka.

*

Siku mbili Barwaqo alilala hospitalini, moyo wake ukichunguzwa na kiganja kimefungwa bendeji. Muda huo Komora alikuta panya ametafuna waya nyuma ya friza. Stima iliingia kwenye bati la friza, ikashuka kwa waya wa kijani mpaka kwenye fimbo, ikajaa kwenye tope, na haikuwa nyingi kiasi cha kuiangusha swichi kubwa. Swichi ya kuhisi stima inayovuja ingekata papo hapo, lakini Korane hakuweka. Korane aliyasikia hayo yote amesimama. Kisha aliomba jembe, akaing'oa fimbo kwa mikono yake mwenyewe, na wakaizika pamoja kona ya nyuma kusikopita mtu, ndani ya mkaa na chumvi vya kushika unyevu. Komora alipima mara tatu. Mara ya tatu alimpa Korane kipimo akapime yeye.

Jumapili Barwaqo alirudi nyumbani, na wanawake wa ukoo wakajaa chumbani kumjulia hali. Korane aliketi karibu na mlango. Osob alileta chai na hakupata aliyeipokea kwa uso mkunjufu, kwa sababu Qali alikwisha kusema. Sasa alisema tena, mbele ya mama yake.

"Nilimwona kwa macho yangu. Mama amemnyooshea mkono, na yeye akampita kama anapita jiwe."

Osob akaiweka sinia chini. "Ni kweli, nilimpita. Na kuna jingine ambalo hamlijui. Stima hazikupotea, hooyo. Nilizizima mimi, nikakudanganya, kwa kuogopa maneno kama haya. Ungejua, usingeigusa ile swichi."

Qali alifungua mdomo, Barwaqo akamnyamazisha kwa mkono wenye bendeji.

"Uongo wako tutauzungumza mimi na wewe," alimwambia Osob. "Na mimi ndiye niliyekataa fundi wako, hilo nalo tutalizungumza." Akawageukia wanawake. "Lakini la mkono nitalisema mwenyewe, kwa kuwa mkono ulikuwa wangu. Nilimwita. Aliponipita niliona uchungu kuliko ule wa stima, nikajua nakufa peke yangu. Kisha nikaachiliwa." Akavuta pumzi. "Angeushika, leo mngekuwa mmekaa matangani, na maiti ni wawili."

Msikitini adhana ya adhuhuri ilianza. Barwaqo akateremsha miguu yake kitandani, akaunyoosha mkono wa kushoto, vidole vimetanuka kama siku ile.

"Sasa nishike," alisema. "Unipeleke nikatawadhe."

Osob akaushika.