Mabegi Ishirini ya Bluu

Jumatano, tarehe sita mwezi wa tatu, saa nne kasorobo asubuhi, ndipo Mkurugenzi wa ushirika wa washonaji alipomvua mke wangu kipochi begani. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Mwenye nguvu mpishe, nami nikampisha. Hilo nalibeba mwenyewe. Mengine ni yao.

Walikuwa washonaji ishirini, wanakwenda ng'ambo kwenye maonyesho ya nguo. Ushirika ukawanunulia mabegi ishirini ya bluu, yote pacha, kila moja na utepe mwekundu kwenye mshikio. "Ili yasipotee," alisema Mkurugenzi. Mimi ni fundi wa mabegi, miaka thelathini nabadilisha zipu na magurudumu. Shule iliniacha darasa la nne, lakini najua alama ikiwa kwenye mabegi yote si alama tena. Hata mfuga mbuzi asiyejua kusoma huchora wake tofauti na wa jirani. Sasa mwambie hivyo mwenye tai, uone atakavyokutazama.

Kile kipochi nilikishona mwenyewe. Mfuko mmoja wa sindano za sukari, maana mke wangu hakuweza kupitisha siku bila kujichoma. Mwingine wa nakala ya pasipoti.

"Baba watoto, hiki ni kipochi au duka la dawa?" alinicheka akikijaribu.

"Kisitoke begani mpaka urudi."

"Hata nikilala?"

"Kikumbatie. Mimi si nitakuwa mbali?"

"Mwone! Mvi zote hizo na bado hujatulia."

Uwanja wa ndege tukamkuta mpiga picha. Mkurugenzi akataka mikono mitupu, ya kupunga.

"Akina mama, vipochi vyote ndani ya mabegi. Hii ni picha ya wajumbe, siyo ya wachuuzi."

"Changu kina dawa, Mkurugenzi."

"Si tunafika leo leo? Dawa zitakukimbia, mama?"

Wenzake wakacheka. Mke wangu naye akacheka, hakutaka aonekane mkorofi. Mkurugenzi akamvua kipochi, akakitia ndani ya begi. Begi likaondoka na mkanda wa mizigo. Picha ilitoka nzuri sana. Ninayo.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mwenzake wa chumba. Begi alilopokea mke wangu kule lilikuwa la bluu, utepe mwekundu, nguo za mtu mwingine. La kwake lilifika hoteli ya pili, walikolazwa nusu ya wenzake, aliyelipata akamkabidhi Mkurugenzi, naye akalifungia chumbani kwake pamoja na mengine yaliyochanganyika. Pasipoti pia alikuwa amezikusanya zote, eti usalama. Mke wangu alimwendea mara mbili. "Vumilia, mama, tukimaliza ufunguzi tutayapanga yote kwa pamoja." Akaenda hospitali, wakamdai pasipoti. Siku ya tatu akaanguka juu ya cherehani, mbele ya wageni wa heshima. Hakuamka.

Begi lilirudi baada ya mazishi. Sindano zote zimo, hata moja haijafunguliwa.

Ijumaa iliyopita walifanya semina ya msafara wa pili. Ukutani wameandika kwa herufi kubwa: SAFIRI KWA USALAMA. Nilikaa nyuma, kile kipochi begani kwangu, watu wakanong'ona. Wanong'one.

"Tumejifunza," Mkurugenzi akasema, akifunua turubai juu ya rundo la mabegi. "Mwaka huu mabegi ni ya kijani!"

Wakampigia makofi. Wallahi, makofi.

Nikasimama. "Mkurugenzi, ufunguo wa kile chumba ulikuwa mfukoni mwa nani?"

"Mzee wangu, sote tuna uchungu. Maswali binafsi yaletwe ofisini kwa maandishi."

"Mimi na maandishi wapi na wapi? Nimekuuliza kwa mdomo, nijibu kwa mdomo."

Mlinzi akanishika mkono, taratibu, kama anamvusha kipofu barabara. Tulipofika mlangoni, mshonaji mmoja wa mstari wa mbele akauvuta mkoba wake mapajani, akaukumbatia, akainua kidole.

"Samahani, Mkurugenzi. Mimi nina pumu. Dawa yangu nayo iingie kwenye begi?"